Anaanguka, Amekakamaa, Ameondoka: Kutafuta Chanzo cha Kasoro katika Michoro ya Haraka ya Watu

Umekaa pembeni ya watu saa nzima, umejaza kurasa nane. Ukifika nyumbani na kufungua daftari, unakuta kundi la watu walioganda. Anayefagia anaonekana kama aliyepewa fagio ashike apigwe picha. Anayekimbia amesimama kwa mguu mmoja, anasubiri kitu. Kishawishi cha kwanza ni kulaumu kalamu, cha pili ni kulaumu kipaji.

Usibadilishe chochote bado. Chukua michoro yako thelathini ya karibuni, mizuri kwa mibaya, itandaze sakafuni uipitie ukiwa umesimama. Kwa umbali huo macho hayafikii vidole wala vifungo vya shati. Yanabaki na mkao tu, na mkao ndio mgonjwa wetu. Utashangaa kuona kasoro mbili tatu zikijirudia ukurasa baada ya ukurasa, wakati ulidhani unazo ishirini.

Kasoro hizi huonekana kwenye mstari, lakini nyingi hazitokani na mkono. Zinaanza sekunde moja au mbili kabla ya kalamu kugusa karatasi, pale jicho lilipokimbilia uso au nguo kabla ya kuuliza: mwili huu umeuweka wapi uzito wake? Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini nitarudi nyuma, kutoka karatasini hadi kwenye kutazama. Anza na dalili ya kwanza hata kama unaamini huna. Mchoro unaoanguka hauponi kwa kurekebishwa kitu kingine.

Mtu anaanguka, au anaelea

Unautazama mchoro na unahisi hamu ya kumdaka. Au miguu ipo, imechorwa vizuri, ila haijakanyaga kitu.

Kipimo chake ni cha fundi mwashi: timazi. Shusha mstari wima kutoka kwenye kishimo cha koo, pale mitulinga miwili inapokaribia kukutana. Kwa mtu aliyesimama na kuuachia mguu mmoja uzito wote, mstari huo unaangukia kwenye kifundo cha mguu huo au karibu nacho sana. Akiugawa uzito sawasawa, unaangukia katikati ya nyayo mbili. Ukiangukia nje kabisa ya nyayo, umeshapata ugonjwa.

Chanzo cha kawaida ni mpangilio wa kuchora: kichwa kwanza, halafu mabega, halafu mwili, na miguu ikapachikwa mwishoni palipobaki nafasi. Miguu iliyochorwa mwisho hufuata karatasi, haifuati uzito. Geuza. Ukishaweka alama ya kichwa, ruka moja kwa moja uweke alama ya unyayo unaobeba uzito, kisha ndipo ujaze kati. Alama mbili, nusu sekunde. Kasoro hii hupungua siku hiyohiyo.

Kuna hali ambazo kipimo cha koo kinadanganya, na ni hali za kila siku kabisa. Mtu anayeinama kuokota kitu anatanguliza kichwa na kifua mbele ya vidole vya miguu. Haanguki kwa sababu makalio yamerudi nyuma ya visigino. Ukitaka kuliamini hilo kwa mwili wako, simama ukiwa umebandika visigino na makalio ukutani, kisha jaribu kuokota kalamu iliyo sakafuni mbele yako bila kupiga magoti. Mwili utakufundisha haraka kuliko mimi. Kwa hiyo anayeinama mpime kwa wingi wake wote: kiasi gani kiko mbele ya nyayo, kiasi gani nyuma.

Aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja naye ana hesabu yake. Kiwiliwili kinaegemea upande usio na ndoo, mkono mtupu unatanuka mbali na mwili, na hatua zinakuwa fupi. Timazi la mwili peke yake litakwambia anaanguka. Mpime mtu na ndoo kama kitu kimoja. Ukichora ndoo iliyojaa halafu mwili ukaubakiza wima, ndoo yako itakuwa tupu hata ukiichorea maji yakimwagika. Vivyo hivyo aliyeegemea ukuta: weka ukuta, hata kama ni mstari mmoja. Aliyeegemea ukuta usiochorwa ni mlevi.

Sasa anayetembea, kwa kuwa ndiye tunayemchora zaidi. Tangu kisigino kimoja kinapogusa chini hadi kisigino hichohicho kiguse tena, kwa mwendo wa kawaida ni kama sekunde moja hivi. Katika muda huo miguu yote miwili iko chini kwa takriban asilimia 20 tu, tena kwa vipande viwili vifupi. Asilimia 80 iliyobaki, mguu mmoja unabeba kila kitu na mwingine unapita hewani. Anayeanza kuchora hukimbilia kile kipande kifupi, mguu mbele na mguu nyuma, maana ndipo hatua inapokuwa pana na jicho hulikumbuka umbo hilo. Si vibaya. Kosa ni kwamba akishakichora analaza nyayo zote mbili chini, bapa. Hilo halitokei. Wakati huo mguu wa mbele umegusa kwa kisigino na vidole viko juu. Wa nyuma umebaki kwa vidole na kisigino kimeinuka. Rekebisha nyayo hizo mbili tu kwenye mchoro wako wa zamani, usiguse kingine, uone.

Na ukijikuta kila mtembeaji wako yuko kwenye hatua pana, jilazimishe ukurasa mzima wa wale ambao mguu mmoja unaupita mwingine. Ni umbo jembamba, goti moja limekunjwa, mwili umesimama juu ya mguu mmoja ulionyooka. Halina mbwembwe, lakini mtaani limejaa.

Mkimbiaji ana haki ya kuelea, kwa sababu kuna wakati kweli hagusi chini kabisa. Mwonyeshe kwa kivuli kilichoachana na nyayo. Wengine wote, kama wanaelea, wape ardhi: mkwaju mmoja mfupi wenye nguvu chini ya unyayo unaobeba uzito, na mguu mwingine uuache na mstari hafifu.

Amekakamaa

Chukua kalamu nyekundu. Katika kila mchoro piga mstari kutoka bega hadi bega na mwingine kutoka nyonga hadi nyonga. Ikiwa michoro mingi ina mistari miwili inayokwenda sambamba kama reli, huna haja ya kutafuta zaidi.

Mwili ukiuachia mguu mmoja uzito, nyonga ya upande huo hupanda, na ili kusawazisha, bega la upande huohuo hushuka. Wagiriki wa kale walilijua hilo vizuri. Mbeba mkuki wa Polykleitos, sanamu ya karne ya 5 Kabla ya Kristo tunayoijua leo kwa nakala za marumaru za Kirumi, amesimama tu, hafanyi lolote, na bado unahisi anaweza kuondoka wakati wowote. Siri iko kwenye mistari hiyo miwili iliyoinamiana. Mtu anayesubiri kwenye foleni ana kitu hichohicho, akiwa amechoka badala ya kuwa shujaa.

Lakini kwa nini jicho linaikosa miinamo hiyo wakati iko wazi? Kwa sababu linatembea pembezoni. Linazunguka mwili kama mkasi unaokata picha gazetini: sikio, shingo, bega, mkono mpaka chini, kisha linapanda upande wa pili. Njiani haliwahi kulinganisha kushoto na kulia. Dawa ni kuanza ndani. Mstari wa kwanza utoke kichwani, upite uti wa mgongo, uishie kwenye mguu wenye uzito, kwa mkupuo mmoja. Mimi nauita mstari wa mwendo. Ukishaupiga, simama kidogo ujiulize kama mstari huo peke yake unasema huyu anavuta, anasukuma, anachungulia au anasinzia. Kama hausemi, usiendelee kuujenga. Piga mwingine pembeni.

Baada ya hapo weka mabonge mawili, mbavu na nyonga, na uangalie nafasi iliyo kati yao. Hapa ndipo uhai ulipo na wengi wanapita bila kugeuza shingo. Mtu akiinamia upande, ubavu mmoja unabanwa na mwingine unavutwa. Upande uliobanwa mpe kona na mikunjo; uliovutwa mpe mstari mmoja mrefu laini. Ukifanya hivyo tu, huhitaji misuli.

Kuna ukakamavu mwingine mdogo zaidi, wa mikono na miguu inayofanana na soseji. Hutokea pale pande mbili za kiungo zinapovimba mahali pamoja. Mwili haupendi hivyo. Ukimtazama mtu kwa mbele, shavu la mguu upande wa nje limekaa juu kuliko la ndani. Ukishuka kwenye kifundo mambo yanageuka: nundu ya ndani iko juu, ya nje iko chini. Uvimbe unapishana, kushoto kisha kulia, na jicho la msomaji linateremka kwa mdundo huo.

Onyo. Ukishaonja utamu wa mstari wa mwendo, kuna wiki mbili tatu ambapo kila mtu atapinda kama ndizi, hadi aliyekaa kwenye kiti anasoma. Ni hatua ya kupita, ila usikae hapo. Upande wenye mfupa karibu na ngozi, kama muundi au mgongo wa mkono, unyooshe. Upande wenye nyama upinde. Mnyoofu ukikutana na mpindo, ndizi inaisha.

Ameondoka kabla sijamaliza

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo ambalo ushauri wake wa kawaida, yaani chora haraka zaidi, unaharibu watu. Mshairi wa Kifaransa Charles Baudelaire alisimulia mwaka 1863 kwamba mchoraji Eugène Delacroix alimwambia kijana mmoja: kama huna ustadi wa kumchora mtu aliyejirusha dirishani katika muda anaotumia kuanguka kutoka ghorofa ya nne hadi chini, hutaweza kamwe kufanya kazi kubwa. Tukikadiria mita 12, huo ni muda wa kama sekunde moja na nusu. Sijakutana na mwenye mkono wa kasi hiyo. Jicho linaloweza kuchagua vitu vitatu katika sekunde moja na nusu lipo, na unaweza kulifundisha.

Chanzo basi si mkono kuwa mzito. Ni kujaribu kunakili mtu ambaye hayupo tena. Unaanza na mkao mmoja, yeye anabadilisha, unarekebisha bega lifuate mkao mpya huku miguu ni ya mkao wa zamani, na mwisho una mtu aliyeshonwa kwa vipande vya watu watatu ambao wote ni yeye.

Dawa ya kwanza ni kuchagua nani wa kumchora. Kwa miezi ya mwanzo achana na mpita njia. Tafuta mwendo unaorudi: anayefagia, anayepiga nyundo, anayefua, anayepaka rangi ukuta, anayebembeleza mtoto. Huyo akiondoka kwenye mkao, baada ya sekunde mbili anarudi. Fungua ukurasa, anzisha michoro mitano ya mtu huyohuyo, kila mmoja kwa mkao wake. Fagio likiwa kulia kabisa, ongeza mstari kwenye mchoro wa kulia. Likirudi kushoto, rukia wa kushoto. Unakuwa kama mpishi mwenye masufuria matano jikoni. Hakuna unaoumaliza mara moja, na baada ya dakika nne yote mitano imeiva pamoja.

Ya pili ni kujua wapi pa kutazama ndani ya mwendo wenyewe. Nyundo haina kasi moja. Juu kabisa, kabla ya kushuka, inasita. Fagio linasita kila mwisho wa mzunguko. Anayeketi anasita makalio yanapokaribia kiti. Kwenye kusita huko jicho linapata nafasi ya kusoma, na kwa bahati njema ndiko mkao unakosema mengi zaidi: nyundo iliyoinuliwa inasimulia kipigo kuliko nyundo iliyogusa msumari. Acha katikati ya mwendo ipite. Ungoje mwisho.

Ya tatu: fumba macho. Mkao ukifika pale unapoutaka, yafumbe kama unayepiga picha, na usiyafumbue mpaka ujisemee kimoyomoyo ulichobeba. Kumbukumbu ya muda mfupi ya macho inabeba vitu vitatu au vinne tu, si zaidi. Ukitumia nafasi moja kwa mtindo wa nywele na nyingine kwa mkoba, zimebaki mbili. Mimi hubeba hivi, kwa mpangilio huuhuu: mguu wenye uzito, mstari wa mwendo, mwinamo wa mabega dhidi ya nyonga. Nikibahatika na cha nne, ni mahali kichwa kinapoelekea. Kisha naangalia karatasi na kuchora bila kumtazama tena, kwa sababu nikimtazama nitamkuta mtu mwingine.

Mtu akiondoka kabisa, unaruhusiwa kumkopea miguu anayefuata. Hakuna atakayekushtaki. Kuna sharti moja: mkono na mguu wa kinyume huenda mbele pamoja. Ukichukua mikono ya mmoja na miguu ya mwingine bila kuangalia, utapata anayerusha mkono wa kulia na mguu wa kulia mbele kwa pamoja, na msomaji ataona kuna kitu kibaya hata asipoweza kukitaja.

Kuna pia vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona hata lifundishwe vipi. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora mbio za farasi za Epsom, Uingereza, farasi wakiwa wametupa miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, matumbo karibu na nyasi. Ndivyo farasi anayekimbia alivyochorwa na wengi. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera mfululizo huko Palo Alto, Marekani, na picha zake zikaonyesha kwamba farasi kweli hupaa kwa muda mfupi, ila hupaa miguu ikiwa imekusanyika chini ya tumbo. Géricault alikuwa mchoraji hodari aliyewapenda farasi. Kama yeye hakuiona miguu hiyo, wewe usijidai umeziona nyayo za mtoto anayekimbiza mpira. Una njia mbili za heshima: acha sehemu hiyo wazi kwa mkwaju mmoja unaofifia, au jifunze mwendo huo mara moja kwa video ya polepole, uuweke kichwani, kisha urudi nje. Kubuni tu ndiko kunakoonekana.

Zoezi moja kwa wanaoshindwa kubandua macho kwenye karatasi. Mchongaji sanamu wa Kifaransa Auguste Rodin, katika michoro yake ya uzeeni, aliwaacha wanamitindo watembee wanavyotaka ndani ya karakana na akachora bila kuondoa macho kwao. Fanya hivyo kwa dakika kumi: macho kwa mtu, mkono ujitafutie njia. Kichwa kitakwenda huku na goti kule. Usikasirike, angalia tu mistari inavyotiririka, uilinganishe na ile unayochora ukichungulia karatasi kila mara.

Mistari ina manyoya

Kila ukingo umechorwa kwa vistari ishirini vya kudonoadonoa, kama kuku kwenye uwanja. Usichanganye na mistari ya kutafuta, ile mitatu minne mirefu inayopishana mchoraji akipapasa umbo. Hiyo ni halali na mara nyingi inapendeza. Manyoya ni mafupi na yana woga.

Sababu ni mbili. Umeshika penseli karibu na ncha na unazungusha kifundo cha mkono peke yake, ambacho hakiwezi kupiga mstari mrefu kuliko upana wa kiganja. Na una raba mfukoni. Sogeza vidole nyuma, mstari mrefu utoke kwenye kiwiko au bega, na mkono uupitie hewani mara moja kabla haujagusa. Raba iache nyumbani. Kalamu ya wino ya kawaida, ile ya kuandikia, ni mwalimu mzuri hapa kwa kuwa haifutiki. Ukipenda penseli, chukua laini, 2B mpaka 6B. Penseli ngumu inakwaruza na kukuhimiza ubonyeze. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu vifaa.

Kichwa kikubwa, miguu mifupi

Nina daftari zima la watu wasio na miguu. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na uso, nikaupenda, nikaukuza, na ukurasa ukaisha magotini. Wale waliobahatika kupata miguu walipata ya kukunjwa ili iingie. Nilidhani nina shida ya kuchora miguu. Sikuwa nayo, nilikuwa sijawahi kuichora.

Weka alama ya utosi na ya nyayo kabla ya mengine yote. Kati yake weka alama ya tatu: kwa mtu mzima aliyesimama, nusu ya urefu iko karibu na mahali miguu inapoanzia, si kiunoni kama wengi wanavyodhani. Urefu wote ni vichwa 7 hadi 7 na nusu. Mtoto mchanga ni kama vichwa 4, na ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mkubwa unapata mtu mzima mfupi aliyevaa nguo za mtoto. Kiganja, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, kinafunika uso kutoka kidevuni hadi karibu na nywele. Wachoraji wa haraka hupunguza viganja na nyayo hadi viwe vya mwanasesere, na mtu mwenye nyayo za mwanasesere hawezi kusimama, kwa hiyo unarudi kwenye dalili ya kwanza.

Umati hauko mahali pamoja

Kila mtu peke yake ni mzuri, wote pamoja ni stika zilizobandikwa. Karibu kila mara hukuchora usawa wa macho yako. Ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wa kimo chako vinakaa kwenye mstari mmoja, wa karibu na wa mbali. Kinachobadilika ni nyayo, ambazo za mbali zinapanda juu. Ukiwa umekaa, mstari huo unawakata watu wote kifuani au tumboni, kutegemea kiti chako. Piga mstari hafifu ukurasani kabla hajaja mtu wa kwanza. Kila atakayepita mkate mahali palepale, na utaweza kuongeza watu kwa saa mbili wakiwa bado uwanja mmoja.

Nguo zimemla mtu

Umechora mikunjo yote na ndani hamna mwili. Mkunjo una mahali unapoanzia: bega, kiwiko kilichokunjwa, goti, nyonga iliyopanda. Chora ile inayotoka kwenye sehemu hizo kuelekea inakovutwa, na mingine isamehe. Vazi pana lenye kuficha miguu halikunyimi habari: goti la mbele linasukuma kitambaa kila hatua, na pindo la chini linachelewa, linaelekea kule mtu alikotoka. Viwili hivyo vinatosha kuonyesha anatembea na kwa kasi gani.

Wakigundua wanachorwa wanabadilika

Anayejua anatazamwa hujinyoosha, na wewe unachora kujinyoosha kwake. Keti kando au nyuma ya watu, usikae mbele yao. Daftari dogo la kushika kwa kiganja lisilovuta macho, kutupa jicho mara nyingi kwa ufupi badala ya kukodoa. Zungusha kati ya watu watatu. Mtu akionyesha hapendi, funga daftari bila mabishano. Na watoto wa watu uliza wakubwa wao kwanza.

Kwa picha naweza, nje nashindwa

Wanaofanya mazoezi ya dakika moja kwa picha za kwenye simu hufika hapa wakiwa wamevunjika moyo. Picha imeshafanya kazi ngumu kabla yako: imechagua sekunde, imebapisha kina, na inakusubiri. Ulichofunza ni mkono. Jicho halijafanya zoezi hata siku moja.

Daraja la kati ni video isiyosimamishwa. Weka kipande cha sekunde kumi cha mtu anayefanya kazi, kijirudie, na kidole kikae mbali na kitufe cha kusimamisha. Chora kwa mizunguko sita. Kisha zima skrini na umchore tena kutoka kichwani. Mchoro wa pili kwa kawaida una mistari michache na uzito ulio sahihi zaidi, na ukiuweka pembeni ya wa kwanza utajua ni vitu gani kumbukumbu yako iliviona havina kazi.

Kama mchoro ulikuwa hai nje na ukafa nyumbani, hiyo ni kesi nyingine: uliumalizia. Uliongeza macho, vivuli, mishono ya suruali, vyote kutoka kwenye mazoea yako wala si kwa yule mtu. Ukihitaji mchoro uliokamilika, anza karatasi mpya na ule wa nje uuache ulivyo.

Pembeni ya kila ukurasa andika tarehe, dakika ulizotumia, na kasoro moja tu uliyokuwa unaiwinda siku hiyo. Ukiona kwa wiki tatu umeandika "nyayo", kesho usichore mtu mzima hata mmoja. Kaa mahali pa chini, uchore miguu kuanzia magotini kushuka, kurasa nne.